Mikono ya Kwanza: Vijiji vya Barabara Kuu na Uhai wa Majeruhi

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita Doma, huivuka Hifadhi ya Mikumi, hushuka hadi Ruaha Mbuyuni penye masoko ya vitunguu, hukwea mlima Kitonga na hatimaye hufika Ilula, ambako matenga ya nyanya yamepangwa kandokando ya lami. Kwake yeye hayo ni majina ya mahali pa kunyoosha miguu na kununua kitoweo. Kwetu sisi tunaowapokea majeruhi, hapo ndipo matibabu huanza. Kabla ya daktari, kabla ya muuguzi na mara nyingi kabla ya askari, anayemfikia majeruhi wa kwanza ni mwanakijiji.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapokea majeruhi wawili wa ajali moja. Wa kwanza alikuwa dereva wa bodaboda aliyechanwa paja kwa bati, na mshipa mkubwa ulikuwa umekatika. Aliletwa ndani ya gari la mizigo, na pembeni yake alipiga magoti mama mmoja muuza vitunguu, akiwa ameukandamiza kanga juu ya jeraha kwa mikono miwili. Hakuwa ameiachia tangu walipoondoka kijijini. Kijana huyo aliishi. Wa pili alikuwa utingo wa lori. Alivutwa kutoka kwenye kibanda cha dereva kwa kushikwa mikono na miguu, akapakiwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili na kuletwa akiwa ameketi. Alipofika, miguu yake haikuwa na nguvu wala hisia. Siwezi kuapa kwamba namna alivyobebwa ndiyo iliyomlemaza, kwa kuwa huenda ajali yenyewe ilitosha. Lakini mwenyewe alitueleza kwamba, alipokuwa amelazwa kando ya barabara, vidole vya miguu vilikuwa bado vikicheza.

Waliomleta utingo yule walikuwa na huruma ileile ya yule mama wa vitunguu. Kilichowatofautisha ni maarifa, na maarifa hayo hayahitaji chuo. Makala haya yanakusudia kuyafikisha kwa wakazi wa kandokando ya barabara kuu, na kwa watumishi wa zahanati na vituo vya afya vinavyowapokea majeruhi mwanzo.

Barabara na watu wake

Barabara hii, ijulikanayo kwa jina la TANZAM, hutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, kisha huingia Zambia. Umuhimu wake uliongezeka ghafla baada ya serikali ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965. Zambia isiyo na bahari ilipoteza njia salama ya kusini, na mafuta yake yakalazimika kupitia Dar es Salaam katika barabara ya vumbi na matope ambayo madereva wa kigeni waliifananisha na njia ya kwenda jehanamu. Lami ilipotandazwa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwendo uliongezeka. Katika muongo huohuo, mpango wa vijiji uliwasogeza watu wengi karibu na barabara, na biashara ikawavuta wengine.

Hivyo tunayo barabara ya masafa marefu ambayo wakati huohuo ni uwanja wa soko, njia ya wanafunzi kwenda shule na kituo cha bodaboda. Lori lenye shehena ya kwenda Lubumbashi na mtoto aliyetumwa chumvi hukutana katika lami ileile. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kati ya Morogoro na Iringa, ambako zipo hospitali za rufaa za mikoa, ni takriban kilomita 300. Hospitali zilizopo katikati, kama zile za Mikumi na Ilula, husaidia sana, lakini gari likipinduka kwenye kona za Kitonga usiku, msaada wa kitaalamu bado uko mbali. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa anaweza kufa kwa damu kuvuja ndani ya dakika chache. Aliyezibwa koo na damu au ulimi huwa na muda mfupi zaidi. Dakika hizo zimo mikononi mwa kijiji.

Mambo ya kufanya, kwa utaratibu wake

Kwanza, linda eneo. Mwokoaji akigongwa, majeruhi wameongezeka. Watu wawili waende pande zote mbili za barabara, kama mita 100 au zaidi, wakiwa na pembetatu za tahadhari au yale matawi ya miti ambayo kila dereva wa nchi hii anaielewa maana yake. Usiku watumie tochi. Gari lililoanguka lizimwe, na pasiwe na mtu anayevuta sigara.

Pili, omba msaada mapema. Namba 112 ni ya Polisi, na 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. Mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa kutajwa jina, kwani penye kundi kila mmoja hudhani mwenzake ameshapiga simu. Ataje mahali, idadi ya majeruhi, na kama kuna moto au mafuta yanayovuja.

Tatu, zuia damu inayochuruzika. Chukua kanga, kitenge au shati safi, kunja, weka juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu bila kuachia. Usifunuefunue kutazama kama damu imekata. Nguo ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Kama kuna chuma au kioo kilichochomeka mwilini, usikichomoe, bali kandamiza pembeni mwake. Damu ya mkono au mguu ikikataa kabisa kusimama, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kiasi cha vidole vinne kuelekea mwilini, lakini si juu ya goti wala kiwiko. Pitisha kijiti katika fundo na ukizungushe mpaka damu ikome. Usitumie waya wala kamba nyembamba. Andika saa uliyofunga, na usifungue mpaka hospitali. Jikinge kwa glovu au kwa chochote kisichopitisha majimaji.

Nne, hakikisha anapumua. Toa damu, matapishi au meno bandia yanayoonekana mdomoni. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua asiachwe chali, kwa sababu ulimi na matapishi vinaweza kumziba. Watu watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja alale ubavu, kichwa, shingo na kiwiliwili vikienda sawia kama gogo linaloviringishwa.

Tano, linda shingo na uti wa mgongo. Isipokuwa pale penye moto, maji au hatari ya kugongwa tena, usimvute majeruhi kwa haraka. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kukizuia kisigeuke, na ndiye atoe amri ya kuinua. Wengine wabebe mabega, kiuno na miguu kwa wakati mmoja. Mlango, ubao mpana au kitanda cha kamba kilichokazwa hufaa kuwa machela. Abebwe akiwa amelala. Gari la mizigo lililo tupu ni bora kuliko pikipiki, hata kama pikipiki imetangulia kufika. Kofia ngumu ya dereva wa bodaboda isivuliwe, isipokuwa inamzuia kupumua.

Sita, mfunike asipate baridi, maana mwili uliopoa hushindwa kugandisha damu. Asipewe chai, soda wala maji, kwani huenda akahitaji upasuaji.

Lori la mafuta likianguka

Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, kando ya barabara hiihii. Watu walikusanyika na wengi walikwenda kuchota mafuta. Moto ulipolipuka uliua zaidi ya watu 100, na majeruhi kadhaa walihamishiwa Muhimbili wakiwa wameungua vibaya. Si haki kuwakumbuka marehemu wale kwa lawama tupu. Umaskini ulikuwapo, na wapo waliokuwa wakipita tu. Lakini yapo mambo ambayo kila kijiji cha barabara kuu kinapaswa kuyajua.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautapotea juu, bali utatambaa chini, utajaa mitaroni na mabondeni, na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa la mama lishe aliye mbali na lori. Cheche ya betri au ya pikipiki inayowashwa yatosha. Kwa hiyo tangi likivuja, watu wote wakae angalau mita 300 mbali, upande unakotoka upepo, na majiko yote yazimwe. Moto ukishawaka, umbali uwe mita 800. Hakuna dumu lenye thamani ya ngozi ya mtu.

Aliyeungua aondolewe kwenye hatari na nguo inayowaka izimwe kwa kumviringisha chini. Mimina maji safi yasiyo barafu juu ya jeraha kwa dakika 20. Vua pete na bangili kabla ya uvimbe, kisha funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, majivu na ute wa yai havitibu. Huziba joto, huleta vijidudu, na hutuchelewesha kuona kina cha jeraha.

Kwa watumishi wa zahanati na vituo vya afya

Tathmini majeruhi kwa mpangilio uleule kila mara: damu inayochuruzika, njia ya hewa pamoja na ulinzi wa shingo, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mwili mzima kwa kumvua nguo na kumfunika tena. Mapigo ya moyo yaendayo mbio na ngozi ya baridi ni dalili za kupoteza damu, hata kama shinikizo la damu bado linaonekana zuri. Kijana mwenye afya hujikaza mpaka dakika ya mwisho, kisha huanguka ghafla.

Asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu. Kwa mtu mzima hutolewa gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10, ikifuatiwa na gramu 1 nyingine kwa muda wa saa 8. Sharti ianze ndani ya saa 3 tangu ajali, na kila dakika ya mapema ina faida. Baada ya saa 3 inaweza kudhuru. Ndiyo maana saa ya ajali iulizwe na kuandikwa mlangoni, si baadaye. Piga simu hospitali unakompeleka kabla gari halijaondoka, na mwandikie mwenzako ulichokiona, ulichokitoa na saa yake.

Fomu ya polisi, PF3, ina kazi yake kisheria, lakini haizuii damu. Huduma ya kuokoa maisha itangulie na karatasi ifuate. Wananchi nao waambiwe hivyo waziwazi, kwa kuwa wapo wanaosita kumgusa majeruhi kwa hofu ya kuhojiwa.

Tusimsahau pia mwokoaji. Aliyeingiwa na damu kwenye jicho, mdomo au jeraha aoshe kwa maji mengi na afike kituoni mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza mapema iwezekanavyo, wala si baada ya saa 72, na huendelea kwa siku 28.

Kabla ya ajali

Mwendo wa kilomita 80 kwa saa humaanisha mita 22 katika sekunde moja. Kwa kilomita 50, kiwango cha sheria katika maeneo ya makazi, ni mita 14. Tofauti hiyo ya mita 8 hupotea kabla mguu wa dereva haujagusa breki, na ndiyo inayoamua kama mtoto atavuka. Basi meza za biashara zirudishwe nyuma ya bega la barabara, wanafunzi wawe na kivuko na mtu wa kuwavusha, na abiria wamwambie dereva apunguze mwendo bila kuona haya.

Serikali ya kijiji inaweza kuanza na machache: orodha ya simu za wenye magari ya mizigo, ubao mmoja wa kubebea, boksi la glovu na vitambaa lililowekwa panapojulikana, na zoezi la nusu siku na watumishi wa zahanati kila baada ya miezi michache. Walioketi barabarani muda wote, yaani bodaboda, mama lishe na wauza vitunguu, wawe wa kwanza kualikwa.

Mama yule alipoambiwa sasa anaweza kuachia, aliuliza mara mbili kama tuna hakika. Kisha akaomba maji ya kunawa, na akatafuta usafiri wa kurudi sokoni.