Jinsi Penisilini Iuavyo Vijidudu vya Kiwele

Mkulima, ng'ombe wako wa gredi akivimba kiwele, na maziwa yakatoka na mabonge, huenda daktari wa mifugo akampa penisilini. Je, wajua dawa hii hufanya kazi gani mle ndani? Ukijua, hutaitumia ovyo.

Penisilini ilipatikana katika ukungu. Mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming aliona kwamba ukungu ulipoota katika sahani yake ya vijidudu, vile vilivyokuwa karibu nao vilikufa.

Kijidudu cha bakteria kina chembe moja tu, nayo imezungukwa na ukuta mgumu. Ufananishe na ukuta wa nyumba ya fito: ziko fito ndefu, na ziko kamba za kuzifunga pamoja. Kijidudu kikikua, sharti kiongeze fito na kufunga kamba mpya. Penisilini huwashika mikono mafundi wa kufunga kamba. Basi ukuta hulegea, maji huingia ndani kwa nguvu, na kijidudu hupasuka. Chembe za ng'ombe hazina ukuta kama huo, kwa hiyo dawa haizipasui.

Kumbuka mambo haya:

1. Penisilini haiponyi ndigana wala ugonjwa wa miguu na midomo. Vijidudu viletavyo magonjwa hayo havina ukuta huo.

2. Fuata kipimo na siku ulizoagizwa na daktari. Vijidudu vingine vyaweza kuikata penisilini kabla haijafanya kazi. Ukiitumia ovyo, vilivyo dhaifu hufa, na hivyo vikali hubaki vikazaana. Siku nyingine dawa haitafaa kitu.

3. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa usiyauze wala usiyanywe mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye dawa. Yaweza kumdhuru mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini. Tena huua vijidudu vyema vya kugandisha mtindi. Debe lako moja laweza kuharibu tangi zima, pamoja na jasho la jirani zako.

4. Ng'ombe mgonjwa akamuliwe mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Kiwele kikiharibika hakinunuliwi kingine dukani. Uonapo mabonge ya kwanza, mwite daktari siku hiyo hiyo.