HATA ANGANI, MKUBWA NI JAA

Ndugu msomaji, wahenga walitwambia kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndege nayo ni chombo, tena chombo kisichoweza kutia nanga njiani kungoja watu wamalize mabishano. Ndiyo maana kila ndege ya abiria ina mkuu mmoja tu. Huyo ni kapteni, mwenye tepe nne mabegani, aketiye kiti cha kushoto. Kulia kwake huketi rubani msaidizi, ambaye kwa kawaida huvaa tepe tatu.

Usidhani kuwa msaidizi huyo ni utingo. Yeye ni rubani kamili, na aghalabu wawili hao hupokezana: safari hii mmoja hurusha, safari ya pili mwenzake. Asiyerusha huzungumza na waongozaji wa ndege, husoma orodha ya ukaguzi na kutazama kila alifanyalo mwenziwe. Zamani palikuwa na mtu wa tatu, mhandisi wa ndege, aliyeangalia injini na mafuta. Kompyuta zilichukua kazi yake. Ndege kama Boeing 767, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1982, huendeshwa na watu wawili.

Kazi hugawanywa, lakini dhamana haigawanywi: kauli ya mwisho ni ya kapteni. Je, mdogo akiona hatari ambayo mkubwa hakuiona, afanye nini?

Swali hilo liligharimu roho za watu. Tarehe 27 Machi, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, kapteni wa ndege ya KLM alianza kuruka ndani ya ukungu kabla ya kupewa ruhusa. Huyo alikuwa mkufunzi mashuhuri, na rubani msaidizi wake alikuwa amepimwa naye muda mfupi tu kabla ya hapo. Mhandisi aliuliza iwapo ndege ya Pan American ilikuwa imekwisha ondoka njiani. Kapteni akajibu kwa uhakika kuwa imeondoka. Mhandisi akanyamaza. Ndege hizo mbili zikagongana, na watu 583 wakafa.

Tarehe 28 Desemba, 1978, ndege ya United ilizunguka karibu na Portland, Marekani, kwa muda wa saa nzima hivi, huku kapteni akishughulikia hitilafu ya magurudumu. Wenzake walitaja kuwa mafuta yanapungua, lakini kwa sauti ya unyenyekevu mno. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka. Walikufa watu 10, mhandisi mwenyewe akiwa miongoni mwao.

Wataalamu walikutana mwaka 1979 chini ya NASA, na mwaka 1981 shirika la United likaanza kuwafundisha marubani wake somo jipya: mdogo aseme waziwazi, na mkubwa aulize na kusikiliza. Tepe hazikuvuliwa. Kilichovuliwa ni ile dhana kwamba mwenye tepe nyingi huona yote.

Matunda yalionekana tarehe 19 Julai, 1989. Injini ya mkiani ya ndege ya United ilipasuka, na usukani ukawa hautii tena. Kapteni Al Haynes hakujifanya mjuzi. Aliwataka wenzake mawazo, akamkaribisha rubani mkufunzi aliyekuwa miongoni mwa abiria, akamwachia mishikio ya injini. Walipofika Sioux City ndege ilivunjika, na watu 112 wakapoteza maisha. Lakini 184 walinusurika katika ajali iliyoelekea kuwamaliza wote.

Ndugu msomaji, wahenga hao hao walisema pia kuwa mkubwa ni jaa: kila kitu hutupwa kwake, naye hupokea. Methali hizo mbili hazipingani. Chombo huhitaji nahodha mmoja, na nahodha huhitaji masikio. Wewe uliye msimamizi kiwandani, au baba mezani pako, hebu jiulize: ni lini mdogo wako alikwambia umekosea, na siku hiyo ulimjibuje? Ukimkaripia leo, kesho atakaa kimya, hata mafuta yakiisha.