Tairi Jipya, Mafuta Zaidi

Toyota Aqua, gari la haibridi lililozoea kwenda kilomita 20 kwa lita, inavalishwa matairi manne mapya, na wiki hiyohiyo inaanza kula mafuta. Mwenye gari anashuku betri. Betri inapimwa, nzima. Feni yake inasafishwa, plagi zinabadilishwa, kompyuta ya fundi inachomekwa na haioni kosa lolote. Matairi hayaulizwi kitu, kwa kuwa ni mapya, na kipya hakishukiwi.

Tairi likiviringika, kila kipande cha mpira kinachofika chini hubonyea, kisha hujinyoosha kinapoinuka. Kwa matairi ya Aqua ya saizi 175/65R15, gari likienda kilomita 80 kwa saa, kipande kimoja hubonyea mara 12 hivi kila sekunde. Mpira haurudishi nguvu yote iliyoubonyeza. Sehemu yake hugeuka joto. Ukifika Morogoro kutoka Dar es Salaam, weka kiganja kwenye tairi. Lile joto ulilinunua kituo cha mafuta.

Gari la kawaida lina mianya mingi mikubwa zaidi ya kupoteza nguvu. Kwenye foleni injini hunguruma bila kwenda popote, na kila ukikanyaga breki, mwendo ulioulipia hugeuka joto kwenye pedi. Haibridi ilibuniwa kuziba mianya hii miwili: injini huzimika gari likisimama, na ukipunguza mwendo, mota hugeuka jenereta na kuirudishia betri chaji. Ukiacha injini yenyewe, waliobaki kuila petroli yako ni hewa inayosukumwa na bodi, na matairi. Joto la breki limepata wa kuliokoa. Joto la mpira hakuna mota inayolirudisha. Ndiyo maana tairi zito kuviringika, ambalo dereva wa pikapu hatalihisi, huonekana mara moja kwenye dashibodi ya haibridi.

Linaonekana kwa kiasi gani? Tangu 2010 watengenezaji wa matairi wa Japani wamekuwa wakibandika lebo yenye madaraja ya ukinzani wa kuviringika: AAA, AA, A, B na C. Daraja la AAA halizidi nyutoni 6.5 kwa kila kilonyutoni ya uzito, maana yake, kwa kila tani ya gari, matairi huvuta nyuma kwa nguvu isiyozidi uzito wa kilo sita na nusu. Daraja la C huanzia 10.6 hadi 12. Chukua Aqua yenye abiria watatu, jumla tani 1.3. Ikitoka kwenye matairi ya AAA ikavaa yenye 10.8, inakokota zaidi ya kilo tano za ziada kutwa nzima. Kwa kilomita 100 hiyo ni megajuli 5 na ushee. Lita ya petroli ina megajuli 32 hivi, lakini hata injini nzuri ya haibridi hufikisha theluthi tu, au zaidi kidogo, kwenye magurudumu. Piga hesabu: karibu nusu lita. Gari la kilomita 20 kwa lita limekuwa la 18, na betri haijafanya kosa lolote.

Hapo ni ikiwa umenunua tairi la daraja la chini. Ila hata ukinunua lililo bora, mwanzoni mafuta yanaweza kuonekana yamepanda, na kwa sababu mbili zinazochekesha kidogo. Ya kwanza ni kwamba tairi lililokwisha huviringika kwa urahisi kuliko jipya. Kashata, yale matuta ya mpira yanayogusa barabara, ndizo zenye mpira mwingi wa kubonyea. Zikisagika, mpira unaopoteza nguvu unapungua, na ukinzani hushuka kwa moja ya tano au zaidi kabla tairi halijawa kipara. Aqua ya mtumba iliyoshushwa bandarini na matairi nusu maisha ilikuwa inakupa takwimu za tairi la kizee. Sababu ya pili iko kwenye dashibodi yenyewe. Gari halipimi barabara, linahesabu mizunguko ya gurudumu. Tairi la sentimita 61 likipoteza milimita 6 za kashata, kipenyo hupungua milimita 12, yaani asilimia 2. Linazunguka mara nyingi zaidi kwa njia ileile, na dashibodi inakusifia kilomita ambazo hukuzienda. Ukivaa mapya, sifa hizo zinakoma. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha kwa haki apime kilomita kwa GPS ya simu, ajaze tangi hadi pampu ijikate yenyewe, na asiamue kwa tangi moja.

Sasa, mbona watengenezaji wasitengeneze tu mpira usiopoteza nguvu hata kidogo? Kwa sababu mpira huohuo ndio unaokushikilia mvua ikinyesha. Kushika lami iliyolowa kunategemea mpira kupoteza nguvu unapoparuza vijiwe vya barabara. Kwa miaka mingi ukipata hiki, unakosa kile, na kaboni nyeusi iliyochanganywa kwenye mpira kuupa uimara haikusaidia. Njia ilipatikana kwenye kasi. Kuviringika huubonya mpira mara kumi na kitu kwa sekunde. Kuteleza juu ya vijiwe huutikisa mara maelfu, hata zaidi. Mwaka 1992 Michelin iliingiza sokoni tairi ambalo sehemu kubwa ya kaboni ilibadilishwa na silika, ikafungwa kwenye mpira kwa kiungo maalumu cha kemikali. Mpira huo hupoteza kidogo kwenye mitikiso ya polepole, na bado hupoteza vya kutosha kwenye ile ya kasi. (Goodyear hutumia pia silika inayotokana na majivu ya pumba za mpunga. Wakulima wa Mbeya, ambako pumba hutumika kuchomea matofali, wanaweza kulitafakari hilo.)

Silika inagharimu, na kuna mtengenezaji anayeokoa mafuta kwa njia ya mkato: mpira mgumu, kashata fupi. Kwa hiyo soma lebo yote. Ya Japani ina herufi ndogo a hadi d kwa lami yenye maji. Ya Ulaya ina A hadi E mara mbili, moja ya mafuta na nyingine ya maji. Mimi sinunui tairi la A kwenye mafuta na E kwenye maji kwa ajili ya masika ya Dar, hata likitolewa kwa nusu bei.

Muuzaji wa Gerezani, Dar, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, atakuambia nchi lilikotengenezwa tairi. Nchi si daraja. Lebo ikiwa imebanduliwa, chukua jina la muundo na saizi kamili uvitafute kwenye hifadhi ya taarifa ya Umoja wa Ulaya, EPREL, iliyo wazi kwa kila mtu. Tairi la China linalouzwa huko pia huwa na rekodi yake. Usiliamini jina peke yake, maana tairi linalopelekwa kiwandani kuvishwa gari jipya mara nyingi huwa na mchanganyiko wa mpira unaoviringika kwa urahisi kuliko wa ndugu yake wa dukani. Angalia na tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiandikwa STUDLESS, ni la theluji ya Hokkaido. Mpira wake laini hauna kazi kwenye joto letu. Tairi pana na rimu kubwa za mapambo nazo ziache dukani kama shida yako ni mafuta.

Kuhusu upepo sitakawia. Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa kPa: 220 ni paundi 32, 240 ni 35. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi la moto hudanganya. Kila paundi moja inayopungua huongeza ukinzani kwa asilimia 1.4 hivi, kwa hiyo tairi la AAA lililopungukiwa paundi nane umeshalivua daraja lake.

Kwa dereva wa teksi anayekwenda kilomita 40,000 kwa mwaka, nusu lita ile kwa kila kilomita 100 ni lita 200. Azidishe kwa bei ya petroli ya mwezi huu, alinganishe na nyongeza anayodaiwa kwa matairi manne. Anayekwenda kanisani na sokoni, kilomita 6,000 kwa mwaka, anaokoa lita 30 tu, na mpira wake utazeeka kwa jua kabla kashata hazijaisha. Huyo pesa yake aipeleke kwenye herufi ya maji.