Mrudishieni Bibi Kikapu Chake

"Mzee akae, apumzike."
Si kweli, na hili ndilo linaloniuma zaidi, maana hufanywa kwa mapenzi. Bibi akitimiza miaka 70, wajukuu humpokonya ufagio. Gengeni haendi tena, na maji ya kunywa analetewa kitini. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120 ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi. Kundi moja lilitembea dakika 40, mara 3 kwa wiki, mwaka mzima. Jingine lilinyoosha viungo tu. Kwa waliotembea, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, iliongezeka kwa takriban asilimia 2. Kwa wenzao ilisinyaa. Na hawakukimbia, walitembea tu! Basi bibi na aende mwenyewe kununua nyanya, abonyeze moja moja, abishane bei, ahesabu chenji, arudi kwa miguu.

"Kulima si mazoezi."
Si kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kila wiki, na jembe linahesabika.

"Presha ni ugonjwa wa moyo."
Ni wa ubongo pia. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu zake, na damu ndiyo inayoufikishia chakula hicho. Presha huharibu vile vimishipa vyembamba kimyakimya. Usiache vidonge kwa kuwa leo umejisikia nafuu.

"Kucheza bao kunatosha."
Nusu kweli. Bao huchemsha akili, na gumzo la barazani huondoa upweke, ambao jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 liliutaja miongoni mwa mambo 14 yanayochangia demensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu, pamoja na ugonjwa wa sukari, sigara na masikio yasiyosikia vizuri. Ila barazani nenda kwa miguu.

"Anayepotewa na kumbukumbu amerogwa."
Si kweli hata kidogo. Kusahau ulipoweka funguo kunampata kila mtu. Kupotea njia ya nyumbani uliyoipita miaka 40 ni dalili ya ugonjwa. Mpelekeni hospitali, mchukue na dawa zote anazomeza, na mmweleze daktari hali hiyo ilianza lini.