Roketi za Ridhaa

Roketi za ridhaa huundwa gereji na sebuleni na watu wanaoifanya kazi hiyo kwa mapenzi tu, na Marekani ndiko zilikoota mizizi zaidi. Zamani uundaji wake haukutengana na kemia ya nyumbani: aliyetaka roketi alilazimika kuchanganya fueli mwenyewe. Sputnik ya Wasovieti ilipopaa mwaka 1957, Homer Hickam na wenzake wa Coalwood, mji wa wachimba makaa huko West Virginia, walishindilia unga wa zinki na salfa kwenye mabomba ya chuma. Walifanikiwa, na baadaye Hickam akawa mhandisi wa NASA. Wengi hawakuwa na bahati hiyo. Bomba la chuma lenye mchanganyiko unaowaka likipasuka hurusha vipande kama bomu, na vijana walipoteza vidole, macho, hata maisha.

Kinga ilitoka kwa muuza viatu. Mwaka 1954 Orville Carlisle wa Norfolk, Nebraska, akisaidiwa na nduguye Robert, alitengeneza roketi nyepesi isiyo na bomba la chuma, yenye injini ndogo ya baruti inayobadilishwa kila safari na parachuti ya kuirudisha salama. G. Harry Stine, aliyefanya kazi katika uwanja wa makombora wa White Sands, aliandika makala ya kuwaonya vijana. Carlisle akaisoma na kumtumia sampuli. Muda si mrefu injini zikawa zinauzwa dukani zikiwa zimefungwa tayari. Huo ndio uamuzi uliouokoa mchezo wote: mtoto abuni roketi, fueli aachiwe mtaalamu.

Injini hupangwa kwa herufi, na kila herufi ina nguvu maradufu ya iliyotangulia. A huishia nyutoni-sekunde 2.5 za msukumo, G 160. Kuanzia H anahitajika mtu mwenye cheti. Daraja la kwanza ni H na I. La pili, lenye mtihani wa maandishi, ni J hadi L. La tatu ni M na kuendelea. Mrushaji hupata cheti kwa kurusha roketi yake mbele ya mkaguzi, na ikirudi imevunjika, amefeli.

Fueli ya injini hizo kubwa ni amoniumu perkloreti na unga wa alumini vilivyoshikamanishwa kwa mpira, jamaa ya ile iliyosukuma roketi za pembeni za Space Shuttle. Serikali iliiweka katika orodha ya vilipuzi hadi mwaka 2009, vyama viwili vya warushaji, NAR na Tripoli, viliposhinda kesi. Hoja yao ilikuwa ya kikemia: fueli hiyo huungua, hailipuki.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, ni kuishusha roketi. Ndani yake hukaa kifaa kinachopima mgandamizo wa hewa. Roketi inapopanda, mgandamizo hupungua. Unapoanza kuongezeka, kifaa kinajua kwamba kilele kimepita, nacho huwasha baruti kidogo inayotenganisha bomba na kutoa parachuti ndogo. Ile kubwa hungoja hadi zibaki mita mia chache. Ikifunguka kule juu, upepo utaibeba roketi kilomita nyingi, na mwenyewe atashinda akiitafuta nyikani.

Mwaka 2004, katika jangwa la Black Rock, Nevada, roketi ya kundi la raia lililoitwa CSXT ilifika kilomita 116, juu ya mpaka wa anga za juu. Mwaka 2019 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California walirusha Traveler IV hadi yapata kilomita 103, kwa injini waliyoitengeneza wenyewe. Kemia, basi, haikufukuzwa moja kwa moja. NAR haikubali fueli ya kujitengenezea. Tripoli inaikubali, ila kwa wenye daraja la pili au la tatu.