Santuri Tatu za Jazi Zisizochuja

Kabla ya mwaka 1948 mwanamuziki aliyetaka sauti yake ihifadhiwe katika santuri alipewa dakika tatu hivi, au nne na ushei katika sahani kubwa, aseme yote aliyokuwa nayo moyoni, kwa kuwa sahani za zama zile, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, hazikuweza kubeba zaidi ya hapo katika upande mmoja. Na mpiga jazi, ambaye fani yake ni kubuni papo kwa papo na kuliacha wazo likue mpaka lifike lilikokusudia, ndiye aliyebanwa kuliko wote. Mwaka huo kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu, izungukayo mara 33 na thuluthi kwa dakika, yenye kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande, na kwa tendo hilo, ambalo aghalabu husimuliwa kama habari ya ufundi na biashara tu, jazi ilipata kitu ilichokihitaji kuliko sifa, nacho ni wasaa.

Katika wasaa huo zilizaliwa santuri ambazo wapenzi wa muziki huu hawajaacha kuzibishania hata leo, na kila mmoja ana zake anazozitanguliza. Nitazitaja tatu zangu, wala sitazigawia maneno sawasawa, kwa sababu mapenzi hayapimwi kwa pishi. Na msomaji aliyekulia katika dansi la Morogoro Jazz au Western Jazz asitazamie kuchezeshwa: hizi ni santuri za kukaa na kusikiliza, ijapokuwa moja kati yazo ina kipande ambacho kingewainua watu vitini popote.

Ya kwanza, Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, haiepukiki. Ilirekodiwa New York katika vikao viwili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, ndani ya jengo lililokuwa kanisa kabla ya kugeuzwa studio, na Davis aliwaletea wenzake vidokezo vichache tu vya kuwaongoza. Jazi ya miaka iliyotangulia ilikuwa imejaa mabadiliko ya sauti za kiambatano, yakija mbiombio hata mpigaji akawa hana budi kuyakimbilia ili asiachwe nyuma. Davis aliyapunguza mpaka yakabaki machache mno, akaiacha ngazi moja ya sauti itawale kwa muda mrefu, akamwachia kila mpigaji hiari ya kutembea humo apendavyo. Aliyezoea taarabu ya Unguja hatapata taabu kulifahamu jambo hili, kwani ndivyo afanyavyo mpiga udi au kanuni katika taqsim: huchagua maqam yake, akakaa ndani yake, akaonyesha ustadi wake si kwa kuhamahama bali kwa kuichimba.

Sikiliza kipande cha kwanza, So What. Baada ya utangulizi wa polepole, besi ya Paul Chambers inanena, na wenzake wanamjibu kwa sauti mbili tu. Inanena tena, wanamjibu vilevile, kwa hatua 16 katika ngazi moja, kisha 8 katika ngazi iliyopanda nusu sauti, kisha 8 za kurejea walikotoka, na huo ndio wimbo mzima. Pale Davis anapoingia peke yake, Jimmy Cobb analipiga toazi kwa nguvu iliyozidi kidogo, na mlio wake unatanda juu ya tarumbeta kwa muda, nayo tarumbeta haina haraka ya kuushinda. Davis husema neno akanyamaza; John Coltrane, kwa saksafoni yake ya tena, huukuta ukimya huo akaujaza masuala; Cannonball Adderley hufuata kwa uchangamfu wa mtu asiyeona sababu ya huzuni. Ni ngazi zilezile za sauti, na ni watu watatu wasiofanana kabisa.

Na ajabu ni kwamba upande wa kwanza wote ulitoka umepanda sauti kidogo, kwa sababu mashine ya kurekodia ilikwenda taratibu kuliko ipasavyo, na watu wakaupenda hivyohivyo kwa zaidi ya miaka 30, wengine wakijifunza kwa kuifuatisha santuri na kushangaa kwamba vyombo vyao haviafikiani nayo, mpaka kosa likasahihishwa mwaka 1992. Siku hizi muziki huu huwekwa mahotelini ili wageni wale chakula chao kwa utulivu. Nauona kuwa umedhulumiwa, lakini santuri iliyothibitishwa kuuza nakala milioni 5 katika Marekani pekee haina haja ya wakili.

Ya pili ni ya huyo huyo Coltrane, A Love Supreme, iliyorekodiwa tarehe 9 Desemba 1964 katika studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey, akiwa na McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi, na Elvin Jones kwenye ngoma. Babu zake Coltrane wote wawili walikuwa wahubiri, na yeye mwenyewe mwaka 1957 alijinasua katika heroini na ulevi. Santuri hii aliikusudia iwe shukrani kwa Mungu, wala hakulificha kusudio hilo. Ina sehemu nne. Katika ya kwanza besi hutoa sauti nne fupi, naye Coltrane, baada ya kusema mengi, huzichukua sauti hizo nne akazipitisha katika kila ufunguo, juu na chini, kana kwamba anataka kuthibitisha kuwa hakuna mahali zisipofika. Katika ya nne hapigi wimbo kwa maana tuliyoizoea: ana utenzi wa dua alioutunga mwenyewe, uliochapwa ndani ya jalada, na saksafoni yake inausoma silabi kwa silabi, hata msikilizaji aliyeushika mkononi anaweza kuufuata kwa kidole. Zaidi ya hayo sitasema, kwa sababu santuri hii, tafauti na ile ya kwanza, haivumilii mazungumzo.

Hadi hapa sijasema lolote ambalo wapenzi wa jazi hawalijui. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, nayo inaitwa Uhuru Afrika.

Mtungaji wake, Randy Weston, alizaliwa Brooklyn mwaka 1926, akawa pande la mtu ambaye piano mbele yake ilionekana ndogo, na baba yake, mfuasi wa Marcus Garvey, alimlea katika itikadi kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, asikubali kusahaulishwa. Mwaka 1960, wakati nchi 17 za Afrika zilipopata uhuru katika miezi kumi na miwili, Weston aliazimia kuufanyia uhuru huo muziki wa heshima yake, akakusanya bendi kubwa ya wapigaji mashuhuri, na mwezi wa Novemba wakaingia studio New York. Alimwomba mshairi Langston Hughes aandike maneno ya ufunguzi. Kisha akataka maneno hayo yasikike katika lugha ya Afrika, isiyo ya mkoloni yeyote, na baada ya kutafuta ushauri kwa Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa alikichagua Kiswahili. Basi santuri inafunguka kwa ngoma, na juu ya ngoma inapanda sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akighani maneno ya Hughes kwa Kiswahili. Tanganyika yenyewe ilikuwa haijapandisha bendera yake. Ilibaki zaidi ya mwaka mzima kufika tarehe 9 Desemba 1961.

Ngoma zenyewe zastahili kutazamwa kwa karibu, maana hazikukutana kwa bahati. Babatunde Olatunji alitoka Nigeria. Candido Camero na Armando Peraza walitoka Cuba, ambako ngoma za Afrika zilivuka bahari pamoja na watumwa zikasalimika. Max Roach alikuwa Mmarekani, aliyerithi mapigo ambayo mababu zake walinyang'anywa ngoma wakayahifadhi kwa makofi na miguu. Weston aliwaweka katika chumba kimoja, na katika kipande kiitwacho Bantu utawasikia wakizungumza bila ya mkalimani.

Sidai kwamba santuri hii haina ila. Ufunguzi wake una harufu ya mkutano wa hadhara, na African Lady, inayoimbwa na Martha Flowers na Brock Peters kwa sauti za jukwaa la opera, huwachosha baadhi ya wasikilizaji. Mimi hunichosha kidogo katikati, kisha hunirudisha. Lakini Kucheza Blues, kipande cha mwisho, ndicho kile nilichokiashiria mwanzoni, na asiyetikisa bega hapo atakuwa na lake. Serikali ya makaburu nayo iliisikia santuri hii na kuielewa vizuri, ikaipiga marufuku Afrika Kusini mwaka 1964.

Weston aliizunguka Afrika kwa ziara mwaka 1967, akahamia Morocco akakaa Tangier miaka kadhaa na kupiga pamoja na mafundi wa muziki wa Gnawa, na alifariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 92. Sifa zake ni haki yake. Hata hivyo sauti za bendi ile kubwa, namna matarumbeta yanavyozipisha ngoma bila ya kuzikanyaga, na namna filimbi inavyopenya mahali ambapo mtungaji mwingine angeweka kelele, zilipangwa na Melba Liston, mwanamke aliyekuwa fundi wa tromboni katika kazi ambayo wanaume waliiona kuwa milki yao, na ambaye watu wengi wanaoipenda Uhuru Afrika hawajawahi kulisikia jina lake. Mimi ningeliandika juu ya jalada, kando ya la Weston, kwa herufi za ukubwa uleule.