KULALA MBELE YA PANGO



Wengi wenu mmetuona siku ya posho mchana, chini ya mwembe, tukiwa na kopo la maziwa na karatasi, tukibishana kama watu wa soko. Wengine waliuliza kama ni kamari. Hapana, hakuna feza. Ni mchezo wa hadithi unaoitwa Donjons & Dragons, uliotungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974. Mtu mmoja ni msimulizi, anaeleza mahali na maadui. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, anasema anafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu. Dadu yenye pande 20 sisi hatuna. Ndiyo maana ya kopo: mna vikaratasi 20 vyenye namba.

Leo tunaeleza jambo moja tu la mchezo huu, lile lililotaka kutuvunja: kulala.

Kila mtu wa hadithi ana pointi za uhai. Akipigwa zinapungua, zikifika sifuri anaanguka. Halafu kuna mjuzi wa maajabu. (Jina lake kwa Kifaransa, magicien, lilimtia mlezi wa bweni mashaka, mpaka tulipomweleza kwamba ni hadithi tu, kama sungura anayesema na chui.) Kwa kanuni za mwaka 2014, mjuzi wa daraja la tano anaweza kutupa mpira wa moto mara mbili, kisha nguvu hiyo imekwisha mpaka apumzike. Askari yeye anapiga upanga asubuhi hata jioni, upanga hauishi.

Pumziko ni namna mbili. Lile fupi ni la saa moja: unafunga vidonda, unarudisha pointi kadhaa. Lile refu ni la saa nane: pointi zote za uhai zinarudi, na mjuzi anapata tena maajabu yake yote. Zamani haikuwa rahisi hivi. Katika kitabu cha mwaka 1979, siku nzima ya kupumzika ilirudisha pointi moja tu! Na katika kanuni za mwaka 1981, kila dakika 20 ndani ya pango msimulizi alitupa dadu. Ikitoka moja kati ya sita, mnyama mkali anawakuta. Kukaa tu kulikuwa na bei.

Sasa sikieni yaliyotupata. Hadithi yetu ilikuwa hii: wanyang'anyi wamemteka mtoto wa kijiji, wamemficha ndani ya pango. Tulifika mlangoni, mjuzi akatupa moto mara mbili, maadui wote chini. Akasema, "Basi, tulale." Tukalala. Kesho yake chumba cha pili, moto, tukalala tena. Chumba cha tatu vilevile. Mwenzetu aliyekuwa askari akaweka karatasi yake chini: "Miye niko nafanya nini hapa? Tuko tunalala paka kulala." Akaondoka, na posho iliyofuata hakuja.

Tulikasirika, kisha tukaona ana haki. Kitabu cha msimulizi cha mwaka 2014 kinakadiria mapigano sita hata nane ya kadiri au magumu kwa siku moja. Mjuzi akijua kuna sita mbele yake, anashika nguvu yake kama mwanafunzi anayeshika kipande cha sabuni mpaka mwisho wa mwezi, na askari ndiye anayebeba kazi. Pakiwa na pigano moja tu kwa siku, mjuzi anamaliza yote peke yake.

Kwanza tulijaribu dawa iliyo katika kitabu kilekile: pumziko fupi liwe saa nane, refu liwe siku saba. Haikusaidia kitu. Tulilala siku saba mbele ya pango, mtoto yuko ndani, kwa maneno mawili: "Juma limepita." Hapo tukafahamu kwamba saa za hadithi hazina uzito hata kidogo kama hakuna kinachotokea ndani yake. Ni bure, mtu atazitumia zote.

Tukarudisha saa nane za kawaida, lakini msimulizi akaandika kwenye karatasi mambo ambayo maadui watafanya, sisi tuwepo tusiwepo. Usiku wa kwanza, wanaziba mlango kwa mawe. Wa pili, wanaita wenzao kumi. Wa tatu, wanamvusha mtoto mto, hatumwoni tena. Alitusomea yote kabla ya kuanza, na hilo ni la haki, maana bei isiyojulikana ni mtego.

Tukamwita askari wetu. Tulilala usiku mmoja tu, kwa mabishano makubwa. Tulipofika chumba cha mwisho mjuzi hakuwa na moto hata mmoja, na askari alibakiwa na pointi 6. Akaingia wa kwanza, akatia mkono ndani ya kopo, akatoa 17.

Tunaendelea posho ijayo saa nane, baada ya kufua nguo. Nafasi mbili ziko.